Jua, upepo au kijito: umeme upi unafaa mahali pako?

Mtu akishaona mitambo ya upepo ikizunguka kilimani, au paa la jirani likiwa limejaa paneli, swali lake huwa moja: ninunue kipi? Swali hilo limeanzia katikati. Kabla ya kifaa kuna mahali. Upepo unaopita kwako una kasi gani? Paa lako linapigwa na jua kwa saa ngapi? Kijito cha chini ya shamba kinabaki na maji kiasi gani mwisho wa kiangazi? Anayejua hayo matatu hana haja ya kubishana na muuzaji yeyote. Asiyeyajua atauziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi mwenyewe ni mzima.

Hapa nalinganisha njia tatu za kujizalishia umeme kwa kiwango cha nyumba, shamba, shule au zahanati: paneli za jua, mtambo mdogo wa upepo, na mtambo mdogo wa maji. Mashamba makubwa ya upepo yanayolisha gridi nayaweka kando. Denmark inapata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo, na mitambo 365 iliyosimama karibu na Ziwa Turkana ina jumla ya uwezo wa megawati 310, lakini hayo hayasemi lolote kuhusu kijimtambo cha mita mbili unachotaka kukifunga juu ya bati. Kule eneo lilichaguliwa kwa sababu ya upepo. Wewe eneo unalo tayari, na upepo wake ni huo huo uliopo.

## Tupime kwa vipimo gani

Vigezo vyangu ni sita. Kwanza chanzo chenyewe: kipo, kinatosha, na unaweza kukipima bila kubahatisha? Pili, uniti (yaani kilowati-saa) ngapi kwa siku, maana wati zilizoandikwa kwenye kibandiko ni habari nyingine. Tatu, saa: umeme unakuja ukiwa unauhitaji au ukiwa umelala? Nne, matunzo, yaani mikono ya nani itafanya kazi fundi akishaondoka. Tano, majirani, wakiwemo wenye mabawa na mapezi. Sita, uzee: kifaa kikifa kinaacha nini nyuma yake.

Fedha imo ndani ya vyote sita. Kifaa cha bei nafuu kinachotoa uniti 1 kwa siku kwa miaka mitatu ni ghali kuliko cha bei mara tatu kinachotoa uniti 4 kwa miaka ishirini. Chukua gharama yote, pamoja na betri za kubadilisha na safari za fundi, ugawe kwa uniti utakazopata katika maisha yote ya kifaa, ndipo ulinganishe.

Kuna kazi moja ya kufanya kabla ya yote: andika mzigo wako, kifaa kwa kifaa. Taa ya LED ya wati 9 inamulika sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Wanaokula umeme ni vitu vya joto. Birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika 6 limekula uniti 0.2, na kwa kiasi hicho ile taa ya LED ingewaka saa 22. Mzigo ukipungua, kila kitu kinapungua nao: paneli, betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), hata unene wa nyaya.

## Chanzo chenyewe

Jua ndilo rahisi kulijua. Anga likiwa safi na jua likiwa la utosi, kila mita ya mraba inapokea karibu wati 1,000, na paneli za siku hizi hugeuza takriban asilimia 20 hadi 23 ya hizo kuwa umeme. Seli ya silikoni iliyotoka maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1954, ile iliyofungua njia, iligeuza asilimia 6 tu. Mafundi huhesabu kwa "saa za jua kamili", yaani jua la siku nzima likigeuzwa kuwa saa za zile wati 1,000: sehemu nyingi za ukanda wa joto hupata kati ya 4 na 6 kwa siku, ilhali kaskazini ya mbali zinaweza kushuka chini ya saa 1 majira ya baridi. Takwimu hizi zipo kwa karibu kila pembe ya dunia, zimekusanywa kwa satelaiti, na ni za kuaminika.

Adui wa paneli ni kivuli, na uadui wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Seli zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo kivuli cha tawi moja kikiangukia seli chache huvuta chini sehemu nzima ya paneli. Adui wa pili ni joto. Kiwandani paneli hupimwa seli zikiwa nyuzi 25, lakini juu ya bati mchana seli hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi 25 inapunguza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya umeme. Hapo zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwenda. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huacha nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite.

Upepo ndio unaodanganya, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Nguvu iliyomo ndani yake hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Upepo wa mita 3 kwa sekunde umebeba takriban wati 17 kwa kila mita ya mraba. Wa mita 5 umebeba 77. Wa mita 10 umebeba 612. Rudia kuzisoma namba hizo, kwa sababu karibu kila mtambo wa upepo uliomkatisha mtu tamaa unaelezwa humo. Upepo wa mita 3 unausikia usoni, majani yananong'ona, unaamini upo, na umeme haumo.

Hata hizo wati huzipati zote. Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba mapanga hayawezi kuunyang'anya upepo zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu yake, kwani upepo ulionyang'anywa kila kitu ungesimama nyuma ya mapanga na kuuzuia unaofuata. Mitambo midogo hupata kama nusu ya kiwango hicho, na mingi haifiki.

Kinachobaki mikononi mwako ni kipenyo cha mapanga na kimo cha mlingoti. Kwenye uwanda ulio wazi, ukipandisha mtambo kutoka mita 10 hadi mita 20, kasi huongezeka kwa kama asilimia 10, na kwa ule mchemraba nguvu huongezeka kwa theluthi. Penye miti na majengo tofauti ni kubwa zaidi, maana upepo wa chini umevurugika, unazunguka huku na huku bila kusukuma. Kanuni inayotumika ni kwamba ncha ya chini ya mapanga ikizidi kwa mita 10 kimo cha kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, mtambo unapumua. Kwa hiyo kuufunga juu ya paa, jambo ambalo kila mtu hulifikiria kwanza kwa kuwa paa lipo tayari, karibu kila mara ni kosa. Uingereza walilipima hilo mwaka 2007 na 2008 katika majaribio ya Warwick, mitambo 26 juu ya majengo. Hata ukihesabu tu muda ambao mitambo ilikuwa imewashwa, kwa wastani ilitoa chini ya asilimia 5 ya uwezo ulioandikwa. Mingine vifaa vyake vya elektroniki vilikula umeme mwingi kuliko mapanga yalivyozalisha.

Kabla ya kununua kipimo chochote, tumia macho. Kipimo cha Beaufort kilianzia baharini mwaka 1805, kisha kikapewa alama za nchi kavu. Majani na vijiti vikitikisika bila kukoma na bendera nyepesi ikinyooka, hiyo ni kasi ya mita 3.4 hadi 5.4 kwa sekunde. Vumbi na karatasi zikipeperuka na matawi madogo yakiyumba, ni 5.5 hadi 7.9. Tazama pia miti ya mahali hapo: iliyokua ikiinamia upande mmoja, matawi yote yamekimbilia huko, ni shahidi wa miaka mingi. Ukiona dalili nzuri, panda anemomita (kipima kasi ya upepo) kwenye mlingoti wa kimo kile kile cha mtambo unaoutaka na uiache mwaka mzima, misimu yote ipite. Wastani ukiwa chini ya mita 4, achana nao. Ukifika 5 na kuendelea, tuongee.

Maji hayana fumbo. Chukua lita zinazopita kwa sekunde, zidisha kwa mita za mporomoko, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni wati. (Namba kamili ya uvutano ni 9.81, lakini karibu nusu hupotelea kwenye bomba, mtambo na jenereta.) Lita 10 zikishuka mita 20 ni wati 1,000. Lita 50 zikishuka mita 4 ni wati 1,000 vilevile, ila kwa mtambo wa umbo jingine: mporomoko mrefu hupenda gurudumu la vikombe alilolipatia hataza Lester Pelton mwaka 1880, mporomoko mfupi hutaka aina nyingine. Kijito kidogo unakipima kwa ndoo na saa: elekeza maji yote kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Mporomoko unapimwa kwa mpira uliojaa maji na geji ya presha, kila mita 10 ni kama bar 1. Pima mwisho wa kiangazi. Aliyepima wakati wa masika amejinunulia mtambo wa masika.

Ugumu wa maji ni mmoja tu, kwamba wengi wetu hatuna kijito, na wengi walio nacho kinapita kwenye tambarare.

## Uniti kwa siku

Weka mbele yako vifaa vitatu, vyote vimeandikwa kilowati 1.

Paneli za kilowati 1 mahali penye saa 5 za jua kamili zitatoa kati ya uniti 3.5 na 4 kwa siku, ukishatoa hasara za joto, vumbi, nyaya na inveta.

Mtambo wa upepo wa kilowati 1 umepewa jina hilo kwa kasi ya mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo ambao pengi huonekana siku chache kwa mwaka. Ukiwa na mapanga ya kipenyo cha mita 2.5 mahali ambapo wastani ni mita 5, tarajia karibu uniti 4 kwa siku. Wastani ukishuka hadi 3.5, shukuru ukipata 1. Kifaa ni kile kile, mlingoti ule ule. Kwa sababu hiyo, ukinunua mtambo wa upepo usiulize kilowati, uliza kipenyo cha mapanga na jedwali la uniti kwa kila wastani wa kasi. Muuzaji asiye na jedwali hilo anakuuzia umbo.

Mtambo wa maji wa kilowati 1 hutoa uniti 24. Unazunguka usiku na mchana, hausubiri mtu. Ukitaka uniti 24 kutoka kwenye paneli utahitaji takriban kilowati 6 na benki ya betri ya kutisha. Anayemiliki mporomoko wa kweli na kijito kisichokauka amekalia hazina, na mara nyingi hata hajui, kwa sababu macho yake yako kwenye paneli za jirani.

## Umeme unakuja saa ngapi

Jua linatoa mchana tu, jambo lililo baya kwa taa na zuri kwa pampu, friji na mashine za kazi. Faida yake iliyofichika ni kutabirika: unajua kesho jua litachomoza, unabahatisha mawingu tu.

Upepo unaweza kuvuma usiku kucha kisha ukalala siku tano. Lakini pana mahali ambapo upepo hupata nguvu katika msimu wa mawingu, pale pale paneli zinapodhoofika, na hapo viwili hivi vikifungwa pamoja hupunguza ukubwa wa betri kuliko kuongeza kimoja mara mbili.

Maji hutoa saa zote, ila misimu inaweza kuyakata. Hayahitaji betri kubwa, pengine hayahitaji kabisa.

Kuna tofauti ya kiufundi ambayo wauzaji huipitia haraka. Betri ikijaa, paneli unazikata tu, hazidhuriki. Mtambo wa upepo ukiukata bila kuupa pa kupeleka umeme utazunguka kwa kasi ya kujivunja, na mtambo wa maji nao hukimbia hivyo hivyo. Kwa hiyo viwili hivyo vinahitaji mzigo wa akiba, kwa kawaida kipashajoto ndani ya pipa la maji kinachomeza ziada. Ukipewa hesabu ya mtambo wa upepo isiyotaja mzigo wa akiba wala breki, irudishe.

## Mikono ya nani

Paneli zinataka kitambaa na macho. Vumbi likikaa, pangusa asubuhi mapema wakati kioo kimepoa. Maji baridi juu ya kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua. Angalia kama panya wametafuna nyaya, kama viungio vimelegea. Inveta tarajia kuibadilisha baada ya miaka 10 hadi 15. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kufundishwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, mradi asipande juu wala asiguse viungio vya umeme.

Mtambo wa upepo ni mashine inayokimbia nje, mvuani, miaka yote, na unataka mtu anayependa mashine. Angalau mara moja kwa mwaka, afadhali mbili, mlingoti unalazwa chini: unafunga breki ya kusimamisha mapanga, unalegeza waya za upande mmoja zinazoushikilia mlingoti huku winchi ikishika uzito, na mlingoti unashuka pole pole watu wote wakiwa mbali na mstari wake. Hapo ndipo unaona ukweli. Ukingo wa mbele wa panga umekwaruzwa na mchanga na mvua, bolti mbili zimeanza kuzunguka, beringi inalia ukiigusa kwa kidole, waya unaoteremka ndani ya nguzo umejisokota kwa sababu mtambo umekuwa ukiufuata upepo duara baada ya duara. Kila kimoja ni kidogo, na kila kimoja kikiachwa huangusha mtambo. Wakazi wa Scoraig, rasi ya Uskoti isiyofikiwa kwa barabara, wamejitengenezea mitambo yao kwa miongo kadhaa, na mmoja wao, Hugh Piggott, amefundisha watu wa nchi nyingi kuchonga mapanga ya mbao na kusuka jenereta kwa mkono. Mitambo ya aina hiyo inadumu kwa sababu aliyeijenga ndiye anayeishi chini yake. Mtu aliyezoea kelele ya mtambo wake husikia mabadiliko kabla hajayaona.

Kwa maji, kazi ni ndogo lakini haina likizo. Chekeche la kuzuia majani kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka kijitoni, linaziba, hasa baada ya mvua ya kwanza inayokokota takataka zote za kiangazi. Dakika kumi kila asubuhi, reki mkononi, miguu ndani ya maji. Mchanga nao ukifika kwenye mtambo hula vikombe, kwa hiyo kunahitajika tangi la kutulizia maji kabla ya bomba, na tangi hilo linataka kufunguliwa na kusafishwa. Sehemu ngumu ya gharama ni ujenzi wa mwanzo: banio, mfereji, bomba. Ukishajengwa vizuri, mtambo wa maji huzeeka pole pole kuliko yote mawili mengine.

## Majirani

Paneli hazina sauti. Malalamiko pekee ninayoyasikia ni mng'ao kwenye dirisha la mtu, na mti uliokatwa ili kuondoa kivuli. Hilo la mti ni la kufikiriwa: mti uliokuwa unapoza nyumba ukiondoka, feni inaingia kazini.

Mtambo wa upepo unasikika na unaonekana. Midogo huzunguka haraka kuliko mikubwa, na sauti yake ni ya mluzi, hasa ikiwa ukingo wa panga umeharibika. Jua likiwa chini, kivuli cha mapanga hupita kwenye madirisha kikiwaka na kuzima. Uweke mbali na nyumba, ya kwako na ya wengine, na zungumza na jirani kabla ya kuchimba shimo la msingi, si baada.

Kuhusu ndege, pande zote mbili huongeza chumvi. Mitambo huua ndege na popo, na pale ilipowekwa kwenye njia za ndege wakubwa wawindaji, kama Altamont Pass huko California, madhara yalikuwa makubwa. Pia ni kweli kwamba paka na vioo vya majengo huua ndege wengi zaidi kwa mbali. Eneo na namna ya kuendesha ndivyo vinavyoamua. Katika kisiwa cha Smøla, Norwei, watafiti walipaka rangi nyeusi panga moja kati ya matatu kwenye mitambo minne, na vifo vya ndege vikapungua kwa takriban asilimia 70. Mitambo minne ni michache kutolea hukumu, lakini rangi haigharimu sana. Kwa popo, kuuzuia mtambo usizunguke katika upepo hafifu wa usiku kunapunguza vifo, na umeme unaopotea ni kidogo, kwa ile sababu ya mchemraba.

Maji ndiyo yenye majirani wengi. Samaki wanahitaji njia, wakulima wa chini wanahitaji zamu yao, na kipande cha kijito kati ya banio na mtambo hakipaswi kukauka. Mtambo mzuri hauhifadhi maji. Unayaazima, unayapitisha, unayarudisha yote. Sehemu nyingi utahitaji kibali cha matumizi ya maji. Kitafute kabla ya kumwaga saruji.

Mtu anayechagua kwa ajili ya hewa tunayovuta na tabianchi asihangaike sana kati ya hizi tatu. Katika ripoti ya mwaka 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ukihesabu maisha yote ya mtambo tangu kiwandani, namba za katikati kwa kila uniti zilikuwa gramu 820 za hewa ukaa kwa makaa ya mawe, 41 kwa paneli za paani, 24 kwa maji na 11 kwa upepo wa nchi kavu. Namba ya upepo ni ya mitambo mikubwa iliyowekwa penye upepo. Kijimtambo kisichozunguka hakirudishi hata nishati iliyotumika kukitengeneza.

## Uzee na taka

Paneli hupoteza kama asilimia 0.5 ya nguvu kwa mwaka na dhamana yake ya uzalishaji mara nyingi ni miaka 25. Zikifa, sehemu kubwa ya uzito ni kioo na alumini, vitu vinavyorudi kiwandani kama kuna wa kuvikusanya. Mtambo wa upepo ni chuma na shaba kwa wingi, ila mapanga ya nyuzi za kioo yameshindikana kuyeyushwa kirahisi. Ya mbao hayana shida hiyo. Mtambo wa maji unaacha chuma na saruji.

Taka mbaya zaidi inatoka kwenye betri, hasa zile za risasi na asidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na betri inayovunjwa uani kwa nyundo ili kuyeyusha risasi inatia sumu udongo wanaochezea watoto. Betri hizo pia hufa mapema zikishushwa chini ya nusu ya chaji kila usiku. Za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kushushwa zaidi na hudumu kwa maelfu ya mizunguko. Chochote utakachochagua, muulize muuzaji kama anapokea betri iliyokufa. Na kumbuka kwamba maji hukuondolea sehemu kubwa ya tatizo hili.

## Basi, nani achukue nini

Uko mjini, umezungukwa na kuta na miti, na gridi ipo. Paneli, hata chache, ukizitumia mchana kwa friji na kazi, na betri ndogo ya taa kwa ajili ya kukatika kwa umeme. Upepo usiuwaze.

Umepanga nyumba. Paneli ya kukunja na betri ya kubeba, vitu utakavyohama navyo. Kuanza kuchimba misingi kwenye kiwanja cha mtu ni kumwachia zawadi.

Uko ufukweni, kwenye uwanda mkavu au mgongo wa kilima, miti imeinama upande mmoja, na wewe mwenyewe unajua kushika spana. Anza na paneli za mzigo wa lazima, simamisha anemomita siku hiyo hiyo, na mwaka ukiisha ongeza upepo kama namba zinaruhusu. Kama hakuna mtu wa kulaza mlingoti na kukaza bolti, ongeza paneli badala yake hata kama upepo ni mzuri.

Una kijito chenye mporomoko. Kipime kwanza kabla hujatazama kitu kingine chochote. Kikidumu mwaka mzima, jenga maji. Kikikauka miezi ya jua kali, paneli zitaziba pengo hilo vizuri, kwa kuwa huo ndio msimu wao.

Unasimamia zahanati au shule. Swali la kwanza ni jina la mtunzaji, wala si aina ya mtambo. Kama nafasi hiyo hubadilisha mtu kila mara, chagua paneli na uzipime kwa ukubwa wa ziada. Kwa chanjo zipo friji zinazoendeshwa na jua moja kwa moja, zinazohifadhi ubaridi kwa barafu badala ya betri. Zinaondoa kile kifaa kinachokufa mapema kuliko vyote.

Unachotaka ni maji ya bombani tu. Basi huenda huhitaji betri, pengine hata umeme wenyewe. Pampu ya jua inayojaza tangi mchana haina betri. Kinu cha upepo cha zamani chenye mapanga mengi ya bati huanza kuzunguka kwa upepo hafifu na kuvuta maji kwa fimbo moja kwa moja kutoka kisimani. Na penye kijito, ipo pampu ya mshindo, aliyoibuni Joseph-Michel Montgolfier mwaka 1796, inayotumia mgandamizo wa maji yanayoteremka kusukuma sehemu ndogo ya maji hayo hayo juu ya mlima. Ina vali mbili, haina mota, na hugonga mchana na usiku. Ukimwendea fundi na hitaji la maji, mwambie lita ngapi kwa siku na mita ngapi za kupandisha, halafu umwachie yeye akueleze kama umeme unahitajika.